Wifi Alipotupa Karata

Kila Jumamosi mchana fundi cherehani alisikia kicheko cha binti yake kikitoka nyumba ya pili. Kilikuwa kicheko cha kujiachia, na nyumbani kwao hakikusikika. Binti na wenzake walikuwa wakicheza poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau na kutishana, kwa shangazi yake, dada wa mumewe fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kicheko. Mama alizidi kukanyaga cherehani ili ngurumo yake izizime sauti zile. Wapi.

Alipomlalamikia mumewe, alijibiwa kwamba damu ni damu, mtoto akiwa kwa shangazi yake yuko nyumbani. Hilo ndilo lililomkera. Siku hizi kila neno la binti lilianza na shangazi kasema. Shangazi kasema gauni la kijani linanipendeza. Gauni lenyewe nani alilishona?

Mwisho akatangaza kwamba Jumamosi ijayo mchezo utakuwa kwake. Binti akamkumbatia, akakaa naye jioni mbili kumfundisha sheria, na mama akahisi ameshashinda. Siku ilipofika alisogeza cherehani ukutani, akatandika meza ya kukatia vitambaa, akakaanga viazi, akamwaga kopo la vifungo wachezee badala ya pesa.

Vijana walikuja wakakaa kwa adabu, kama waliokuja kupimwa sare. Walishukuru kwa kila kitu. Hakuna aliyecheka. Baada ya muda binti akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumwita shangazi. Mama angesemaje mbele za watu?

Bi Kicheko aliingia na aproni ya duka la mikate alikofanya kazi, akiomba radhi kwa unga uliomjaa mikononi. Meza nzima ikasogea kumpisha. Mara utani ukaanza, viazi vikagombaniwa, na binti akamwegemea shangazi yake begani. Mama alisimama na sahani, roho ikimchoma. Hata kiti hakuna aliyemwachia, mpaka wifi yake huyohuyo alipomwita akae naye acheze.

Akacheza. Raundi moja wengine wote walijitoa, wakabaki wao wawili. Mama alishika karata tano zisizo na undugu wowote. Lakini alitaka, mara moja tu, binti yake amwone akimshinda yule mwanamke. Akasukuma vifungo vyake vyote katikati.

Bi Kicheko alimtazama, kisha akazilaza karata zake kifudifudi.

"Umeniweza, wifi. Chukua."

Vijana wakapiga makofi. Mama alikuwa ameanza kutabasamu binti aliposema, "Lakini shangazi, si una wafalme watatu?"

Makofi yakakatika.

"Umenihurumia," mama akasema.

"Niliogopa tu, wifi yangu."

"Usinihurumie nyumbani kwangu. Zaa wako, huyo ndiye umwonee huruma."

Hapakuwa na mtu mtaani asiyejua miaka ambayo Bi Kicheko alizunguka hospitali akitafuta mtoto. Alinyanyuka, akaaga vijana mmoja mmoja kwa sauti yake ya kila siku, akatoka. Nao wakaondoka nyuma yake. Binti alibaki kukusanya vifungo vilivyoanguka chini ya meza. Hakulia wala hakugomba. Alimaliza, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Mama alikuwa amempata mwanawe nyumbani, siku ya Jumamosi, na nyumba ilikuwa kimya kama kaburi.

Asubuhi alikwenda nyumba ya pili. Alijipanga kueleza mengi, lakini mlango ulipofunguliwa alisema tu kwamba wivu ulimla, na kwamba ametamka neno ambalo hata adui haambiwi.

Bi Kicheko hakucheka. "Limeniuma, na litaniuma kwa muda," akasema. "Nikimpenda mwanao sikupunguzii kitu, wifi. Lakini siwezi kukulazimisha uamini." Kisha akasogea kando ya mlango. "Ingia. Majirani wanatutazama."

Wakanywa chai.

Ilichukua wiki kadhaa kabla binti hajamsemesha mama yake kama zamani. Karata zilirudi kwa shangazi, na baadaye mama akaanza kwenda pia, akikaa pembeni na nguo ya kupiga pindo. Binti akimwegemea shangazi yake, sindano bado humchoma mama kidoleni. Huinyonya damu, akaendelea kushona.