Ludi Salama

Kila foronya ninayoipata huilalia kwanza. Naifua, naianika, naipiga pasi, halafu naivalisha mto wangu na kujilaza mchana mmoja, ukungu wa kijijini kwetu Yakobi ukiwa umekaa dirishani, nikijaribu kuota ndoto za aliyeilalia kabla yangu. Sijawahi kuziota. Ila huamka nikihisi kwamba kuna mtu ametoka chumbani sasa hivi na kurudishia mlango polepole.

Tangu nimalize chuo, miaka miwili sasa, nakusanya vitu vilivyotumika ambavyo vina mapenzi ndani yake. Nina kikombe cha bati kilichoandikwa kwa msumari "Tuonane Jumapili". Nina picha za studio zenye maneno nyuma, pete iliyofuliwa kutokana na sarafu, na foronya kumi na moja zilizodariziwa kwa mkono. Natafuta chumba mjini Njombe niviweke, watu waje kuviona. Nyumbani wananiuliza kama hiyo ni kazi. Mimi naamini vikipotea, hakuna atakayejua kwamba wazee wetu nao waliambiana maneno matamu.

Foronya ya kumi na mbili aliniuzia Hilary, kijana wa nguo kuukuu sokoni Makambako. Ilikuwa nyeupe iliyoanza kuwa manjano, ua jekundu kila pembe, na katikati maneno mawili: LUDI SALAMA.

"Mchumba wako akisafiri unampa," Hilary alisema.

"Sina mchumba."

"Ndiyo maana nakuuzia foronya moja, siyo mbili."

Niliipenda yote isipokuwa ile L. Kwetu wengi wana L tu. R huja na shule. Mama yangu mpaka leo anasema "kalibu". Chuoni nilichekwa mwaka mzima kwa kusema "naludi sasa hivi", nikawa nasimama mbele ya kioo kuufundisha ulimi wangu mpaka ukanyooka. Nikawaona akilini wageni wa chumba changu wakisimama mbele ya foronya hii na kucheka. Sikutaka mwanamke aliyeidarizi achekwe. Nikaifumua ile L, nikashona R kwa mshono safi niliofundishwa na masista, na nilipomaliza nilijiona nimemtendea wema.

Siku tatu baadaye Hilary alipiga simu.

"Dada Tereza, ile foronya ina mwenyewe. Na mwenyewe amekaa mezani kwangu tangu asubuhi, wateja wanadhani namuuza. Fanya uje."

Nilipofika, Hilary alikuwa amekwisha kumrudisha kwake. Alinielekeza nyumba ya Mzee Kasimiri, fundi wa reli mstaafu. Mkwewe, Rebeka, alinipokea mlangoni, macho mekundu.

"Mimi ndiye niliyeichanganya na nguo za kuuza," alinong'ona. "Baba anasafiri kesho kwenda Dar es Salaam kupasuliwa macho. Anasema bila foronya ya marehemu mama haendi. Na daktari ametuambia akichelewa tena, atabaki gizani."

Mzee alikuwa kitini, koti limefungwa vifungo vyote, machoni mwake kuna ukungu mweupe kama wa asubuhi zetu.

"Kamwene, babu."

"Kamwene, mwanangu. Umeileta?"

Niliiweka mapajani mwake kabla sijapata ujasiri wa kusema lolote.

"Maisha yangu yote nimefanya kazi kwenye leli," alisema, akiipapasa. "Wiki tatu, mwezi, tunalala polini. Mke wangu Emilia akaniambia, lalia neno langu, miguu yako itajua njia. Na nililudi kila mala."

Kidole chake kilianzia mwisho wa maneno, kikarudi nyuma herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayepita kwenye nyumba anayoijua. Kilipofika herufi ya kwanza kikasimama.

"Hii nini?"

"Ni R, babu. Ilikuwa imekosewa. Niliirekebisha."

Rebeka alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Imekosewa na nani?"

Akairudia ile R kwa kidole.

"Emilia hajapata kuniambia hivi hata siku moja. Huyu ni mwanamke mwingine ananiaga." Kidogo acheke, kisha uso ukamshuka. "Lebeka, toa nguo kwenye begi. Siendi."

Nilipiga magoti miguuni pake. Nikamwomba Rebeka wembe, sindano na uzi mwekundu. Nilipoiondoa R, chini yake palikuwa na matundu madogo ya zamani, na kitambaa kilichofunikwa na uzi miaka yote hiyo kilikuwa bado cheupe. Ile L ilikuwa bado ipo, imelala. Nikashona juu yake, nikampa.

Akapapasa. "Hapana. Umeshona kama mashine."

"Yeye alishonaje, babu?"

"Alivuta uzi kwa nguvu. Hakutaka niende. Mpaka kitambaa kikakunja uso."

Nikafumua. Nikavuta mpaka kitambaa kikakunja uso.

"Bado. Hapa chini palikuwa na fundo. Alikata kwa meno, hatukuwa na mkasi. Na alikuwa analisema neno lenyewe akishona. Wewe umenyamaza tu."

"Rudi," nikasema.

"Nani huyo?"

Nikafumua tena. "Ludi," nikasema, sindano ikiingia. "Ludi." Neno lilitoka bila kujikwaa, kana kwamba lilikuwa linasubiri nyuma ya meno. Niliinama kuukata uzi. Kitambaa kikanigusa midomo, na chini ya harufu ya sabuni yangu nikasikia nyingine, ya moshi wa kuni na mafuta ya nywele, ambayo kwa mara mbili za kuifua sikuwa nimeiondoa. Kwa muda mfupi sikujua ni meno ya nani yaliyokuwa yanauma uzi ule.

Nilimpa kwa mara ya tatu. Kidole kilipanda, kikashuka, kikakaa kwenye fundo. Rebeka alikuwa ameshikilia begi, hajui alifungue au alifunge.

"Si yeye," mzee alisema.

Nikafumba macho.

"Lakini anasikika."

Akaikunja foronya mara nne, akaiingiza ndani ya koti lake, upande wa kushoto, akageuza uso kwa mkwewe.

"Hilo gali la kesho linaondoka saa ngapi?"