Asubuhi Ambayo Sikufagia

Kifuniko cha chupa ya chai kinalia kama panya aliyebanwa na mlango, na ndicho kinachoniamsha kila siku kabla simu haijaita. Bado ni giza. Mama mkwe wangu hawashi taa asije akamwamsha mtoto. Anamimina chai kwa sikio tu, akisikia sauti imekaribia ukingo wa kikombe anaacha, na sijawahi kumwona amemwaga hata tone. Nina miaka minne kwenye nyumba hii. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki mbili kati ya tatu yuko njiani, na kwa miaka yote hiyo sijatoka kwenda kazini na tumbo tupu. Naanzia hapo kwa sababu watu wakinisifu kwa habari ya uwanja, huwa nahisi kama nimevaa nguo ya kuazima.

Mimi ndiye mfagiaji wa uwanja mpya, ule wa mbele ya posta. Uliwekwa mahali palipokuwa na ghala lililoungua. Walitandaza matofali meupe, wakapanga mabenchi kumi na mawili ya zege katikati, safu mbili zilizonyooka kama askari kwenye gwaride, yote yakitazama barabara. Kwenye mchoro uliobandikwa pale siku ya ufunguzi kulikuwa na watu wembamba wenye mikoba, wanatembea. Hakuna aliyechorwa akitoka jasho.

Sisi tunakaa nyuma yake, ghorofa ya tatu, chumba na sebule. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Kabla ya uwanja, mbio zake zote zilikuwa kutoka kitandani hadi mlangoni, hatua saba. Sasa kila jioni bibi yake anamshusha akimwita mke mwenzangu, wanagombana ngazi nzima nani atashika ufunguo, na wakirudi mtoto amechoka na analala bila kubembelezwa. Ndivyo nami ninavyopata nafasi ya kwenda darasa la jioni, kukaa kwenye dawati la watoto huku magoti yakigusa kidevu. Kwa hiyo ule uwanja si kazi yangu tu. Ni usingizi wa mwanangu, na ni shule yangu.

Sasa Ijumaa moja msimamizi wetu alikuja akiwa na uso wa mtu aliyebeba habari ya msiba. Ni mzee wa haki, ila anapenda mambo yaende kama yalivyoandikwa. Akanieleza kwamba mkaguzi wa halmashauri amekwisha kuja mara tatu, kila mara saa mbili asubuhi, na mara zote hakukuta mtu wala hata ganda la karanga. Kwenye fomu ameandika kuwa uwanja hautumiki. Atakuja mara ya nne Jumatatu, baada ya wiki mbili, na akikuta hali ni ile ile, pale panawekwa uzio pawe maegesho ya magari.

“Lakini kwa upande wa usafi, binti yangu,” akasema, “umetutoa kimasomaso.”

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikiwafuta watu. Kila alfajiri nilikuwa nawazoa, nawatia kwenye toroli, nawamwaga jalalani, halafu mkaguzi anakuja kutazama kama wapo.

Maana mfagiaji anajua. Mabenchi yale ya katikati sikuwahi kuyaokotea kitu zaidi ya mavi ya ndege. Jua linayachoma mchana kutwa, na ukikaa pale unatazama magari huku mgongo wako uko wazi. Lakini kando ya ukuta wa posta, ambapo kivuli kinafika saa kumi jioni, nilikuwa najaza toroli. Maganda ya karanga, ya wale wanaokaa chini kwenye maboksi. Nywele bandia za msusi na wateja wake. Vizibo vya soda vilivyopigwa bapa, hivyo ni vya wazee wa dama. Watu walikuwepo, tena wengi, ila walikuwa wamekaa pale ambapo hakuna aliyewawekea kiti.

Nikamweleza msimamizi. Nikamwomba mkaguzi aje jioni. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mkaguzi anafunga ofisi saa tisa, na kwamba kufikiri kuna watu wanaolipwa kwa hiyo kazi. Nikamwuliza, je, nikiacha takataka siku hiyo? Akanikumbusha mkataba. Siku isiyofagiwa ni barua, na barua ya pili ni kwaheri. Ya kwanza nilikwisha kuipata, mwanangu alipolazwa kwa homa.

Darasani nilimsimulia mwalimu wetu. Mungu ambariki yule mama, hakunipa pole. Alinipa karatasi ya miraba. Kwa muhula mzima alikuwa akituimbia kwamba ripoti inaanza na ulichokiona, unachokifikiri kitasubiri. Basi nikauchora uwanja, na kila alfajiri kwa siku kumi na tatu, kabla ya kuzoa, nikawa naweka alama: duara dogo kwa maganda, msalaba kwa vizibo, mstari kwa nywele. Alama zikarundikana kando ya ukuta mpaka karatasi ikachanika. Katikati pakabaki peupe.

Jumatatu ilipofika, chai ikamiminwa kama kawaida, nami nikabaki nimekaa kitandani. Mama mkwe akaja akakaa karibu yangu. Alikuwa anajua kila kitu, kwa sababu kwenye chumba na sebule hakuna siri.

“Wakinifukuza, mama?”

“Watamfukuza mfagiaji,” akasema. “Mkamwana wangu atarudi hapa anywe chai. Twende, baridi itaniua nikisubiri.”

Akajifunga kanga ya pili akaja na mimi. Tukasimama wawili kando ya uchafu wa watu, fagio limeegemea ukutani, mikono ikiniwasha. Sijui kama mtu mwingine anaweza kuelewa ugumu wa kuliangalia ganda la karanga saa mbili nzima bila kuliokota.

Msimamizi alifika kwanza. Alitazama chini, akanitazama mimi, akatoa kalamu mfukoni. Mkaguzi akaja nyuma yake, mwanamke wa makamo, viatu vyeusi vya kazi na fomu kwenye kibao.

“Hapa pamekuwaje leo?” akauliza.

Nikamwamkia, nikampa karatasi. Nilikuwa nimejifunza maneno mengi mazuri lakini yote yalikimbia. Nikasema tu, “Dada, hawa ndio watu wa jana. Huwa nakutangulia.”

Aliisoma amesimama. Kisha akatembea na ule mchoro, alama kwa alama, kama anayetafuta nyumba ya mtu mtaa asioujua. Akachuchumaa kwenye vizibo akavihesabu. Akaenda kukaa kwenye benchi la katikati, jua likiwa bado changa, na hakumaliza dakika tano kabla ya kuinuka akijipangusa shingo. Akarudi akaniuliza kivuli kinafika saa ngapi. Jioni ile ile akaja, nje ya saa zake za kazi, akaleta na ndoo yake mwenyewe ya kukalia. Msusi alimuuliza kama amekuja kusuka.

Uzio haukuja. Mabenchi manne yaling'olewa katikati yakapelekwa kando ya ukuta, mawili mawili yakitazamana, na bomba la maji likafungwa pembeni. Wametupa miezi sita ya majaribio, na sasa mkaguzi anakuja jioni. Barua yangu ya pili nilimwona msimamizi akiiandika kwa macho yangu. Hadi leo haijanifikia, nami siiulizii.

Juzi nilipita kuwaaga nikienda darasani. Benchi la mwisho lilikuwa limejaa: msusi, mteja wake aliyesukwa nusu ya kichwa, mama mkwe wangu, mtoto katikati. Msimamizi wetu alikuwa amesimama mbele yao bila sare, amevaa ndala. Alisema amekuja kuangalia bomba kama linavuja. Aliliangalia, halikuvuja, akabaki amesimama tu, mikono nyuma, kama mgeni aliyefika wakati wenyeji wanakula. Watu wazima wote wakawa wanatazama pembeni.

Binti yangu akamvuta bibi yake kanga.

“Bibi, sogea kidogo, mzee naye akae.”