Udongo wa Nauru pale Nyakahura

Lori la mbolea lilifika Nyakahura mchana, akina mama wakiwa wanaanika mihogo kando ya barabara. Kila kaya ikapewa gunia. Bwana shamba akaeleza kwamba unga ule unatiwa kwenye mashimo ya mahindi, kidogo kidogo, kisha akapanda lori akaenda zake. Clotilda alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Lori lilipoondoka aliburuta gunia lake hadi nyuma ya nyumba, akalimwaga lote kwenye shina la mgomba, kama mama yake alivyokuwa akimwaga majivu. Kwao, kila chenye rutuba kilianzia kwa mgomba. Mahindi yalikuwa chakula cha kujishikiza.

Mgomba wenyewe ulikuwa huo huo mmoja. Zamani alikuwa na kibanja kizima mlimani kule Nyamigogo, chenye migomba ya ukoo na kaburi la mumewe katikati. Mwaka wa operesheni ya vijiji walikuja watu na magari, wakaezua nyumba, wakawashusha wote barabarani wakae kwa mstari, wapate shule na maji. Shule ilikuja. Clotilda aliwahi kung'oa chipukizi moja tu kabla gari halijaondoka.

Jioni ile ya mbolea, wenye udongo ule wa guniani walifika. Walikuwa watu wazima wenye miili mikubwa, wamejifunga vitambaa kiunoni, nao walitoka Nauru. Kwa majirani, waliofuata maelezo ya bwana shamba, walizunguka katikati ya mahindi wameinama, kama mtu aliyeangusha sindano. Kwa Clotilda udongo ulikuwa mahali pamoja, kwa hiyo walikaa.

"Shikamoo, mzee," Clotilda alimwamkia aliyekuwa na mvi.

"Marahaba, mama. Tumekaa kwetu, usijali. Hatuli sana."

Alizungumza Kiswahili cha darasani, lugha ya kuazima kama ilivyokuwa kwa kila mtu pale kijijini. Clotilda aliwachomea ndizi. Mwanawe wa pekee, Idefonsi, akawasogezea maji, akauliza Nauru iko wapi.

"Kwenye bahari kubwa, karibu kabisa na Ikweta," alisema mzee. "Ni kisiwa kidogo. Barabara kuu ni moja, inazunguka pwani. Ukianza kutembea asubuhi, kabla jua halijazama umerudi ulikotoka. Mto hatuna. Mji mkuu hatuna, ofisi ziko Yaren tu. Katikati ndege walinyea tangu enzi na enzi, kinyesi kikawa miamba, na miamba hiyo ikisagwa ndiyo mbolea hii mliyopewa. Mjerumani alitutawala."

"Na sisi," alisema Clotilda. "Boma lake lipo pale Biharamulo."

"Baada yake wakaja wengine na mashine. Wakati wa vita vikubwa Mjapani alitupakia melini, akatupeleka kisiwa kingine, na wengi walifia huko. Baadaye wenye mashine wakatuambia tuhame wote, watatutafutia kisiwa kizuri zaidi. Safari hiyo tulikataa."

"Wakawaacha?" Clotilda aliuliza kwa wivu.

"Wakatuacha. Kilichohama ni kisiwa. Sasa tuna bendera yetu na rais wetu, na meli bado zinapakia."

Clotilda aligeuza ndizi. Yeye alihamishwa, ardhi ikabaki. Wao walibaki, ardhi ikahamishwa. Alijaribu kuona nani alipata nafuu, akachoka, akaacha.

Vita na Amini vilipoanza, Idefonsi alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake. Wageni waliendelea kuja kila jioni, na mahindi yalikomaa miongoni mwao. Masika yalipokolea, mgambo mmoja aliyekwenda na Idefonsi alirudi akichechemea, akamwambia Clotilda kwamba mwanawe amefia njiani kupita Masaka, wamemfukia huko huko. Akamkabidhi mkanda wa Idefonsi.

Kwao, mtu aliyefia mbali huzikwa kwa gogo la mgomba katika kibanja cha baba yake. Asipozikwa hivyo hajui pa kurudi, na mama yake hawezi kulala. Clotilda alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Leonidas, kuomba ruhusa ya kupanda mlimani.

"Mama Idefonsi," alisema mwenyekiti, "kule tumeshafyeka. Ni pamba ya kijiji."

"Naomba pa kulaza gogo tu."

"Nikikuruhusu wewe, kesho wote watapanda na magogo yao. Hata baba yangu yuko chini ya pamba hiyo."

Hakusema kwa ubaya. Alimsindikiza Clotilda mpaka nyumbani, akamwomba mgeni mmoja asogee apite, akaenda zake mkutanoni.

Clotilda aliukata mgomba wake. Haukuwa na mwenzake. Akabaki ameukumbatia kama anayebembeleza mtoto, hajui aupeleke wapi, hasira na uchovu vimemjaa sawasawa. Mzee wa Nauru aliinuka, wenzake wakainuka, wakaacha wazi mahali walipokaa.

"Mlaze hapa," alisema. "Ni udongo mzuri. Nao hauko kwao."

Wakachimba pamoja. Walijua kuzika mtu bila maiti, hawakuhitaji kuelekezwa.

Kesho yake jioni Idefonsi alikuja. Viatu vyake vya jeshi vilikuwa na matope ya nchi nyingine. Alisimama kando ya wageni, akatazama huku na huku.

"Shikamoo, mama. Hapa ni wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni Nauru."

Idefonsi alifikiri. "Ile yenye barabara moja?"

"Hiyo hiyo. Mto haina."

"Na kwetu?"

"Kwetu wamepanda pamba."

Akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akakaa. Barabarani lori la mbolea ya msimu mpya lilikuwa linapiga honi watu watoke wakapokee. Clotilda alimsogezea mwanawe ndizi ya kununua, kisha akaenda kupanga foleni.