Mji wa Umbumbumbu

Usingizi unanichukua kwenye benchi la wodi, chupa mbili za dawa ya mama zikiwa mapajani, maana daktari kanieleza ipi ni ya kabla ya kula na ipi nisimpe kabisa akishikwa na kizunguzungu, kaniuliza, umeelewa, dada? nami kama kawaida yetu nimeitikia ndiyo, dokta, na sikuelewa hata chembe. Nafumba macho kidogo tu, benchi linageuka barabara. Mbele kuna mji wa vioo, na ndani ya kila kioo mama ananiita, Mwantumu, kizunguzungu hiki, lete dawa. Namkimbilia, nagonga kioo, mama yuko ng'ambo nyingine. Samahani, baba, namuuliza mpita njia mwenye kofia, kwa mama wapi? Hana uso, lakini anajibu chapuchapu, nyoosha, kata kushoto, mbele utauliza. Nanyoosha, nakata, narudi palepale. Mama mmoja wa khanga, naye hana uso, ananiambia rudi ulikotoka, kata kulia, utauliza. Lo! Mji mzima hakuna asiyejua, na hakuna anayefika. Naogopa, jamani, mama anazidi kulegea. Mji gani huu! napiga kelele. Umbumbumbu, anasema yule wa kofia. Si ndiyo ujinga huo? namuuliza. Anacheka bila mdomo. Kuuliza si ujinga, dada, mjinga huuliza akapita zake. Mbumbumbu hajui, anaitikia kama kaelewa, anahamia hapa. Na neno lenyewe limetoka wapi? nauliza. Hapo wasio na uso wanajaa, huyu anaapa limetoka kwenye ngoma, yule kwa nyuki ndani ya mtungi, mwingine Uarabuni, na kila jibu linafungua barabara nyingine miguuni pangu. Kisha wote wananigeukia, umeelewa? Ile ndiyo yangu ya kila siku imeshafika ulimini. Namtazama mama, kichwa kimemwangukia begani. Sijui, nasema huku nalia, sijui kitu, nielezeni taratibu.

Kioo kinapasuka, nashtuka, benchi ni lilelile. Daktari kasimama mbele yangu, barakoa mpaka puani, miwani inang'aa, uso siuoni. We Mwantumu, mama anaita kitandani, kichwa kinazunguka, nipe dawa. Umeelewa, dada? anauliza daktari. Hapana, dokta, sikuelewa. Anavuta kiti, anakaa. Nazikumbatia chupa zote mbili, nangoja nisikie kama ataanza na dawa, au ataniambia ninyooshe, nikate kushoto.