Jicho la Kazi

Fundi saa alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa wa kimyakimya, ule mbaya zaidi. Mbishi anayepayuka utamjibu, mtarushiana maneno, yataisha. Huyu ukimwambia jambo anasema "sawa", kisha anafanya la kwake. Mkewe ameishi naye miaka na miaka, wamezaa, wameoza mabinti, na bado hiyo "sawa" ilimpiga chenga kila mara.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Mke alikaa mbele kwenye kaunta, akibadilisha mikanda na betri na kupokea maneno ya wateja wasio na subira. Mume alikaa nyuma ameinamia meza, lenzi nyeusi ya kukuzia imebanwa kwenye jicho la kulia, la kushoto limefumbwa. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu ujana. Watu walimwita Dakika, maana kila saa aliahidi kuimaliza kwa dakika moja, na wote waliujua uongo huo wakaupenda.

Sasa jicho linalofumbwa kutwa nzima, nani atajua kama linakufa? Lilikufa polepole, bila maumivu, bila wekundu, bila kuaga. Siku moja kibanzi kilimwingia jicho la kulia, akalifunika kwa kiganja, akadhani umeme umekatika. "Mama watoto, washa mshumaa!" Mkewe akacheka, akidhani ni mizaha yake. Ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka.

Hospitali wakasema ni presha ya macho. Daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, aliwaeleza bila kuzunguka: maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa ukishakufa umekufa. La kushoto limebakiwa na ukungu tu. La kulia nalo limeanza kuliwa pembeni.

"Dawa ya matone, asubuhi na jioni, macho yote mawili, maisha yako yote," alisema. "Haikurudishii kilichopotea, inakulindia kilichobaki. Ikishindwa, kuna miale ya leza, na kuna upasuaji. Lakini tuanze na matone."

"Sawa," akasema Dakika.

Haya. Mkewe akataka kumtilia dawa yeye mwenyewe, akakataliwa. "Mimi naweka springi nyembamba kuliko unywele mahali pake, tone la maji ndilo litanishinda?" Akawa anaingia chumbani na kichupa, anatoka anapepesa, shavu limelowa. Mke akiliona lile shavu anaridhika. Kliniki nako, kila akipimwa, presha iko chini, daktari anasifu, na mke anatoka kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyefaulu mtihani.

Ila nyumbani mambo yakaenda kombo. Mara kagonga bega kwenye kabati. Mara kamwaga chai iliyokuwa kando ya mkono wake. Barabarani akampita shemeji yake bila salamu, shemeji akanuna, akatangaza kwamba siku hizi Dakika ana maringo. Lakini mpe saa, weee! Skrubu ndogo kama punje ya mchanga aliiona na kuinasa kwa kibano mara moja. Basi mke akajipa moyo: mtu anayeona skrubu ile, upofu wake uko wapi?

Hata daktari hakuelewa. Kipimo cha upana wa kuona kilionyesha jicho la kulia limeliwa pande zote, limebaki tundu dogo katikati, na presha eti iko shwari. Akafikiri sana, kisha akasema jambo la kawaida kabisa. "Mzee wangu, hebu nionyeshe unavyotia dawa."

Dakika akatoa kichupa mfukoni kwa kujiamini, maana mikono yake haikuwahi kumwaibisha. Akainua uso, akavuta kope la chini la jicho la kushoto, tone likaingia palepale. Akafunga kifuniko. Akarudisha kichupa mfukoni.

"Na la kulia?" akauliza daktari.

Mkono ukarudi mfukoni, lakini umechelewa, na mwenyewe alijua.

"La kulia naanza kulitia kliniki ikikaribia," alisema kwa sauti ya chini. "Siku nyingine naliacha. Ile dawa inawasha, inanitia ukungu, na hilo ndilo jicho la kazi. Nililionea huruma. Nikasema dawa apewe mgonjwa, huyu mzima aachwe afanye kazi."

Mkewe alitamani kumpiga. Ndiyo, kumpiga, hapo hapo mbele ya daktari, kisha amkumbatie.

"Hata mimi, baba watoto? Hata mimi ukanichezea shere?"

"Ungenitia kwa nguvu."

"Ningekukalia kifuani!"

"Ndiyo maana."

Daktari hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema miale ya leza haitoshi tena kwa hali hii, na matone peke yake yamepitwa. Umebaki upasuaji, wa kulitengenezea jicho njia ndogo ya kutolea maji. "Ukifaulu, unabaki na hilo tundu unaloonea sasa, basi. Na jicho lililochoka hivi, mara chache huzimika baada ya upasuaji hata kama kila kitu kimekwenda vizuri. Tusipolifanyia kitu, litazimika taratibu."

"Kwa hiyo kote kote tumekwama," mke alisema.

"Fanyeni," akasema Dakika.

Siku ya upasuaji, kabla ya kuingizwa ndani, alimgeukia mkewe akamtazama kipande kipande: jicho, pua, mdomo, kovu la kidevuni. Uso mzima haukuenea kwenye tundu lake.

"Umezeeka, wewe."

"Na wewe bado mwongo. Uongo wako nimeuchoka, usiniletee mwingine tena maishani."

Wakacheka kidogo, kicheko kikawakauka.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alibandua plasta, akatoa kikinga cha plastiki, akatoa pamba ya juu na pamba ya chini, akafuta kope kwa maji ya uvuguvugu. Jicho likafunguka, jekundu, limelowa. Daktari akainama, akalichunguza, akatabasamu. "Njia imefunguka vizuri. Maji yanapita kama tulivyotaka."

Mke akashusha pumzi. Alikuwa na roho mkononi tangu jana.

"Haya, malizieni basi na hiyo pamba ya mwisho," Dakika akasema, ameinua uso, ana furaha. "Nimwone bibi yangu."

Muuguzi akaitazama pamba iliyokuwa mkononi mwake. Daktari akapitisha tochi mbele ya jicho, akairudisha, akaipitisha tena. Jicho halikuifuata. Tabasamu likamtoka.

"Mbona kimya? Mnatafuta nini?"

Mkewe akamsogelea. Akamshika mkono, akajikaza mpaka sauti ikawa ya kawaida.

"Mkasi," akasema. "Wanatafuta mkasi, mume wangu. Tulia kidogo."

Akatulia, akingoja.