Fomu za Marehemu

Mume wangu alikuwa na mchezo mmoja wa kipumbavu, nami nilimsema mpaka nikachoka. Kila Januari alikaa kwenye kaunta ya duka letu la rangi akajaza na kusaini fomu zote kumi na mbili za ukaguzi wa mwaka mzima. "Nisije nikasahau," alisema. Ukaguzi wenyewe hakuukwepa. Kila tarehe mosi alipanda ngazi stoo, akakagua nyaya, akasogeza makopo ya thina, ile ya kuyeyushia rangi inayoshika moto upesi, mbali na umeme. Fomu tu ndizo zilizotangulia.

Fomu hizo ndizo zilizoshikilia duka. Tulikuwa tumeshadai bima mara mbili, thina ilipomwagika na mteja alipoteleza, na malipo yetu ya bima yakapanda hadi tukakosa usingizi. Kampuni ikatupa sharti: fomu kila mwezi na miaka mitatu bila dai, ndipo watupunguzie. Ikikosekana fomu, mkataba unavunjwa, na mwenye nyumba hataki duka la rangi lisilo na bima.

Mwezi wa tano mume wangu akafa. Moyo tu, akiwa anakunywa chai.

Tarehe mosi Juni nikavuta droo, nikakuta fomu imeshajazwa kwa mkono wake. Nyaya: salama. Thina: salama. Ningefanyaje? Nikaitia kwenye faili. Julai hivyo hivyo. Kuanzia Agosti, siwafichi, asubuhi nikiwa kaunta nilisikia ngazi inalia stoo, taratibu, kama mtu mzito anapanda. Nikiingia kuchukua mzigo nilichukua mbiombio bila kuinua macho. Niliogopa kumkuta, na niliogopa zaidi kutomkuta.

Oktoba akaja mkaguzi wa kampuni, mwanamke mpole, akapekua faili.

"Mzee hajakosa hata mwezi mmoja! Yuko wapi nimpe mkono?"

"Katoka kidogo," nikasema.

"Basi namsubiri, mama. Sina haraka." Akakaa juu ya ndoo ya rangi.

Ikapita saa nzima. Cha ajabu, na mimi nikaanza kumsubiri. Kila kivuli kilipopita mlangoni nilinyoosha shingo. Nikachemsha chai, nikapanga vikombe vitatu.

Ngazi ikalia stoo. Mkaguzi akageuka.

"Si huyo?"

Alikuwa amesikia! Miguu ikanipeleka yenyewe. Stoo hapakuwa na mtu. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta, vumbi limejaa kwenye vidato vyake, halijaguswa. Kilicholia kilikuwa sanduku la swichi. Plastiki yake ilikuwa imelainika kwa joto, na chini yake makopo manne ya thina niliyoyaweka mwenyewe. Nikayavuta kwa mikono miwili, nikarudi dukani.

"Usimsubiri," nikamwambia. "Alikufa mwezi wa tano."

Sikuwa nimewahi kulitamka. Msibani waliotamka walikuwa wengine, mimi nilitikisa kichwa tu.

Mkaguzi akafungua faili tena, Juni hadi Oktoba, polepole. "Mama, unajua lazima niyaandike haya."

"Andika. Lakini kwanza njoo uone swichi, tusije tukaungua sote."

Akaiona, akarudi nyuma hatua mbili. "Zima sasa hivi!"

Nikazima. Mlio ukafifia, ukakatika, na stoo ikanyamaza kabisa. Nikasubiri kidogo kama utarudi. Kisha nikakaa sakafuni katikati ya makopo nikamlilia mume wangu, kwa mara ya kwanza.