Kelele za Uchochoro wa Mabati

Naanza na picha, maana ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Ukifika pale palipokuwa karakana zetu, utanikuta ukutani. Nimechorwa mkubwa kuliko mlango, nyundo mkononi, natabasamu kwa meno yote, hata yale mawili ya mbele ambayo sina tangu ujana. Chini yangu wameandika, "Mtaa una sauti." Na mimi mwenyewe nikienda kujitazama, mlinzi ananiuliza nimekuja kwa nani.

Zamani palikuwa uchochoro wa mafundi bati. Tulibanana kama meno ya kitana, tukitengeneza ndoo, masanduku, makarai na mifereji ya mvua. Jirani yangu alikuwa mzee tuliyemwita Bwana Nini, kwa sababu nyundo zilikuwa zimemla masikio, na lolote utakalomwambia, jibu lake la kwanza ni "nini?" Ukimtukana pia anauliza nini, ndiyo maana hakugombana na mtu.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anaitwa Kengele. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kilio chake alipokuwa mchanga. Dada alikuwa akiniachia asubuhi anapokwenda kazini, nami namlaza ndani ya sanduku lisilo na kifuniko, kando ya fuawe, kile chuma tunachofulia bati. Ajabu yake, nyundo zikilia analala fofofo. Zikinyamaza tu, anaamka na kudai haki zake kwa sauti. Mama yake alipofariki akahamia kwangu moja kwa moja. Kwa hiyo mtu asije kuniambia mtoto yule hakujua thamani ya nyundo.

Mradi ulikuja na makopo ya rangi. Mwanamke aliyeuongoza, sisi mafundi tulimbatiza Madamu Rangi. Alisalimia wakubwa kwa adabu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bila hata kupangusa vumbi. Alisema baraza la mji linataka kuufufua mtaa, na safari hii vijana ndio watakaoshika usukani, kwa kuchora kuta na kutunga nyimbo. Wale vijana wetu waliokuwa wakishinda kwenye ngazi za duka lililofungwa wakapewa brashi na vinasa sauti. Nilifurahi. Nilifurahi sana, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Siku moja Kengele akaja karakanani na kipaza sauti kilichovishwa manyoya kama mkia wa paka.

"Mjomba, piga kama kawaida yako. Usijifanye."

"Nijifanye nini? Niliyezaliwa na nyundo?"

"Na zile ndogo usiziache. Zile za katikati."

Alizijua. Fundi bati hapigi bati tu. Pigo linatua kwenye bati, halafu nyundo inadunda kidogo juu ya fuawe, mara mbili au tatu, ili mkono usipoteze mwendo wakati jicho linatafuta pa kupiga tena. Kila fundi ana kudunda kwake. Ukipita uchochoroni umefumba macho, unajua nani yuko kazini na nani leo anaumwa. Kengele alizinasa zote, fundi mmoja mmoja, akaenda akazipanga, akaimba juu yake.

Wimbo ulipokuwa tayari aliuleta kwetu kwanza. Tuliweka kazi chini. Alitaja majina yetu ya utani, akataja paa zinazovuja na ndoo zinazokinga matone, na kila akimaliza ubeti ananyamaza, nyundo zetu zinajibu. Bwana Nini alikuwa amekaa pembeni, hana habari. Kengele akamshika mkono, akamwekea kiganja juu ya spika. Mzee akatulia. Kisha akaruka.

"Huyu ni mimi!" alipiga kelele. "Huyu anayechelewa kidogo ni mimi!"

Alikuwa yeye kweli. Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi.

Nyuma ya uchochoro wakati huo zilikuwa zikipanda ghorofa za vioo. Zilipoanza kupata wapangaji, tukaitwa kwenye ukumbi wa baraza. Afisa wa mipango alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza. Alisema wakazi wapya wanalalamikia kelele, na kwamba hataki kumwonea mtu, ushahidi upo. Akabonyeza kitu mezani. Ukumbi mzima ukajaa nyundo zetu.

Kengele aliruka juu kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Huo ni wimbo! Nimeutunga mimi!"

"Hongera sana," afisa akasema. "Lakini hizo nyundo ni za kweli, au si za kweli?"

Mtoto akanigeukia. Angejibu nini? Akisema si za kweli, ameikana kazi yetu mbele yetu. Akisema ni za kweli, ametuuza.

"Ni za kweli," akasema.

"Ahsante. Zimerekodiwa na kijana wa mtaa huu huu, ndugu zangu. Sisi baraza hatukuongeza hata pigo moja."

Damu ilinipanda kichwani. Nilipaswa kumrukia afisa, lakini afisa alikuwa mbali na Kengele alikuwa karibu. Nikasema, watu wote wakisikia, "Kweli kikulacho ki nguoni mwako." Alikaa chini taratibu.

Barua ikatoka: tuhame kwa sababu ya kelele zinazoudhi wakazi. Nilimfuata Madamu Rangi ofisini kwake. Alikuwa na macho mekundu. Alisema wimbo aliutuma kwa wakubwa wa baraza ili waone kazi nzuri ya vijana, hakujua watautumia vile, na kwamba yeye yuko upande wa sanaa, mambo ya ardhi si idara yake. Mimi sikuwa nimefuata machozi pale. Nilifuata paa la karakana yetu. Walitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye ndiye aliyeishika chupa, ajue asijue.

Wakatupeleka nyuma ya machimbo ya kokoto. Huko unaweza kupiga nyundo mpaka mbingu ipasuke na hakuna atakayelalamika, kwa kuwa hakuna anayepita. Ndoo zangu zilipangana mpaka mlangoni, bila mnunuzi. Nyumbani Kengele alinipakulia chakula, nikala nikitazama ukuta. Akiniamkia naitikia kwa koo. Najua ulikuwa ukatili. Nilikuwa na hasira na sikuwa na pa kuiweka.

Uchochoro wetu ukageuzwa ua wenye mabenchi, miti ya kwenye vyungu, na picha yangu. Karakana ya Bwana Nini ikawa kituo cha sanaa cha vijana. Jioni moja Kengele akasimama mbele yangu, sahani mkononi.

"Mjomba, kesho wanafungua. Wameniahidi kazi ya kufundisha muziki pale kituoni. Wanataka niimbe ule wimbo."

Nilipokea sahani, nikageukia ukuta.

"Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje usikie."

Nisingekwenda. Ni Bwana Nini aliyenitoa nyumbani. Alikuja amevaa shati lake la harusi za watu, kiganja amekiosha kwa sabuni. Alitaka kujisikia tena. Tangu tuhame mkono wake ulikuwa umechoka, hakuwa akipiga sana, na nadhani alihofu kwamba ule wimbo ndio uliobaki wa kumthibitisha.

Kulikuwa na turubai, viti vilivyovishwa vitambaa, na mgeni rasmi aliyechelewa. Afisa alikaa mstari wa mbele. Alihutubia, akasema mtaa huu umejengwa kwa jasho la mafundi wake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: nyundo zikiwa mkononi mwangu ni kelele, zikitoka kwenye spika yake ni urithi. Nilitema mate, mlinzi akaniangalia vibaya.

Kengele akapanda na kompyuta yake. Bwana Nini akajipenyeza mpaka kwenye spika, akabandika kiganja, akafumba macho.

Sauti ya mtoto ikatoka, safi, ikataja majina yetu mmoja mmoja. Ubeti ukaisha. Akanyamaza ili nyundo zijibu.

Hakuna kitu.

Alisubiri kimya chote mpaka kikaisha, urefu ule ule wa nyundo. Akaanza ubeti wa pili. Akamaliza. Kimya tena. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakacheka kwa aibu wakidhani mitambo imegoma. Madamu Rangi akamkimbilia fundi mitambo.

"Weka ile ya kwanza! Si unayo?"

"Anayo," Kengele akasema kwenye kipaza sauti. "Aiweke, kama afisa anaruhusu. Kwenye barua aliyotia sahihi, zile nyundo zinaitwa kelele. Kelele hapa zimekatazwa. Nimezitoa."

Mgeni rasmi akamgeukia afisa. Afisa akaanza kuvikagua viatu vyake. Kidole cha fundi mitambo kilibaki hewani, hakuna aliyemwambia bonyeza wala usibonyeze.

Ndipo Bwana Nini alipofumbua macho. Alibadilisha kiganja, akaweka cha kushoto, akakandamiza, akaweka na sikio. Akanigeukia kutoka kule mbele, na uso wake sitausahau.

"Nini?" akasema. Kisha kwa sauti kubwa, maana yeye hajui nyingine, "Fundi! Zile nyundo sizisikii! Hata mkononi sisikii! Ndiyo nimekuwa kiziwi kabisa?"

Hakuna aliyecheka. Nilikwenda. Mlinzi alinishika shati, nikamwachia kipande. Nilimkumbatia yule mzee, nikaweka mdomo sikioni mwake. Bwana Nini huwezi kumnong'oneza, kwa hiyo nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, na kipaza sauti cha Kengele kikaibeba mpaka kwenye zile ghorofa za vioo.

"Masikio yako mazima, mzee! Sisi ndio hatupo!"

Juu jukwaani mpwa wangu alifunga kompyuta. Alijua ile kazi ya kufundisha ameipoteza. Aliniangalia kwa yale macho aliyokuwa akiniangalia kutoka sandukuni kila nyundo zilipokoma.

"Shuka, mwanangu," nikamwambia. "Twende nyumbani."

Siku hizi yuko nami machimboni, anakata bati vibaya, namgombeza kutwa.